Saizi ya fremu ya baiskeli ya umeme ukinunua mtandaoni: maswali yanayoulizwa sana

Watu wakitaka kuagiza baiskeli ya umeme wanauliza betri inafika kilomita ngapi, mota wati ngapi, nauli ya mzigo bei gani, saizi ya fremu wanaikumbuka boksi likishafunguliwa. Sasa betri ikichoka utanunua nyingine, siti ikikuumiza utabadilisha, ila fremu ndo hiyo hiyo mpaka siku utakapoiuza. Maswali ya hapa chini ndo yanayorudi kila mara, mengine nimejibu kwa kirefu mengine kwa mstari mmoja, inategemea.

Tangazo linasema inchi 26. Hiyo si ndo saizi?

Hapana, hiyo ni tairi. Hapa ndo wanapopotea wengi kuliko sehemu nyingine yoyote. 20, 26, 27.5, 28, 29, zote hizo ni tairi, na mtu wa futi sita na mtu wa futi tano wote wanaweza kuwa na tairi 28 kila mmoja kwenye fremu yake. Saizi ya fremu kwa asili yake ni urefu wa lile bomba linaloshika siti, kuanzia katikati ya krenki pale pedeli zinapozungukia mpaka juu bomba linapoishia. Baiskeli za mjini wanaandika kwa sentimita, kwa mfano za Kidachi utakuta 49, 53, 57, za milimani wanaandika inchi kama 15, 17, 19, na siku hizi wengi wameamua kuandika S, M, L tu basi.

Kwa walioendesha Phoenix na Hero, zile fremu zilikuwa inchi 22 au 24, kubwa kweli kweli, ndo maana watoto walikuwa wanapitisha mguu chini ya bomba na kuendesha wakiwa wamelala upande. Na tukiwa hapo hapo, tairi 28 ya Phoenix siyo 28 ya baiskeli za umeme za sasa. Ile ya zamani ringi yake ni milimita 635, ya sasa ni 622, kwahiyo usije ukaambiwa tairi zipo tele mtaani ukaamini. Angalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, inakuwa kama 47-622, hiyo haidanganyi.

M ya kampuni hii na M ya kampuni ile ni sawa?

Si sawa, ni kama suruali za mtumba, kila nchi na M yake. Hamna sheria inayowalazimisha kampuni zote zitumie kipimo kimoja, alafu hata hizo sentimita wengine wanapima mpaka ncha ya bomba la siti, wengine wanaishia pale bomba la juu linapokutana na la siti, tofauti inaweza kuwa sentimita kadhaa na wote wameandika 50.

Kwahiyo usinunue herufi. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu, kwenye tovuti za kampuni zinazojielewa linakaa chini kabisa ya ukurasa limeandikwa jiometri. Muuzaji asiyekuwa nalo muombe akupigie picha akiwa ameweka futi kamba kwenye bomba, na akikataa hata hilo mimi ningeachana naye, maana mtu asiyeweza kupima baiskeli aliyonayo mbele yake hawezi kukusaidia mota ikigoma.

Nijipimeje nyumbani?

Unachohitaji ni msamba, yaani urefu kutoka katikati ya miguu mpaka chini, siyo urefu wa suruali yako, suruali inaanzia chini zaidi na inakudanganya. Vua viatu, vaa kitu chepesi, simama mgongo ukiwa umegusa ukuta, miguu iachane kama sentimita 15. Chukua kitabu kigumu au rula pana, kiweke katikati ya miguu mgongo wa kitabu ukiangalia juu, kivute juu mpaka kibane sawasawa na siti itakavyobana, usione aibu, ukikiacha kinaning'inia utapata namba ndogo na utanunua fremu ndogo. Kitabu kiwe kimelala sawa, upande mmoja uguse ukuta. Mwambie mtu aweke alama ya penseli ukutani, alafu pima kutoka sakafuni. Rudia mara mbili tatu, namba zikipishana zaidi ya sentimita moja ujue kitabu kilikuwa kinapinda.

Pima na urefu wako wote, alafu nyoosha mikono kama msalaba pima ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Hii ya mikono wengi wanaruka lakini ikizidi urefu wako kwa sentimita nyingi inabadilisha jibu, nitaeleza huko mbele.

Lakini chati ya muuzaji inauliza urefu tu, 165 mpaka 175 chukua M.

Chati hiyo ni ya kuanzia tu. Chukua watu wawili wote wana sentimita 175. Mmoja msamba 78, mwingine 84, wapo tele, mmoja mgongo mrefu mwingine miguu mirefu. Kwa baiskeli ya mjini hesabu itampa wa kwanza fremu ya kama 51 na wa pili kama 55. Chati ya urefu itawapa wote M na mmoja wao atalalamika, na atalaumu mota.

Hesabu yenyewe ikoje?

Za mjini na za safari: msamba kwa sentimita mara 0.66, jibu ni sentimita za fremu.

Za milimani: msamba kwa sentimita mara 0.226, jibu ni inchi.

Msamba 72 inatoa 47.5 kwa ya mjini na inchi 16.3 kwa ya milimani. Msamba 78 inatoa 51.5 na inchi 17.6. Msamba 84 inatoa 55.4 na inchi 19. Ya tatu ni ya siti, msamba mara 0.883, hiyo ni kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya siti ukifuata bomba, kwahiyo wa 78 siti yake inakaa kwenye sentimita 69 hivi. Iandike pembeni, utaihitaji sana kwenye zile za saizi moja.

Kumbuka hizi hesabu zilitengenezwa enzi za fremu zenye bomba la juu lililolala sawa, fremu za sasa nyingi bomba linashuka kuelekea siti, na za kushuka kabisa (zile wanazoita za kike, zisizo na bomba la juu) bomba la siti linakuwa fupi hata kama baiskeli ni kubwa. Zinakupeleka mtaa husika, nyumba utaitafuta kwenye jedwali.

Kwanini mnasema ya umeme inahitaji umakini zaidi kuliko ya kawaida? Si baiskeli tu?

Uzito. Baiskeli ya kawaida kilo 12 mpaka 15, ya umeme nyingi ni kilo 20 mpaka 30. Ya kawaida ikikuzidi kidogo ukisimama kwenye taa unainamisha upande, unaweka mguu, maisha yanaendelea. Ya kilo 27 ikishaanza kuinama na wewe vidole vya mguu ndo kwanza vinagusa lami, huizuii, inaenda chini na wewe juu yake, na ukiwa umebeba mtoto nyuma usiseme.

Kwahiyo kipimo cha kwanza cha kuangalia kwenye jedwali ni urefu wa kusimama, yaani kutoka chini mpaka juu ya bomba la juu pale unaposimama bomba likiwa katikati ya miguu, miguu ikiwa chini pande zote mbili. Toa namba hiyo kwenye msamba wako, zibaki angalau sentimita 2 au 3 kwa ya lami, 5 na zaidi kwa ya barabara mbovu. Mimi kwa ya umeme napenda 5 hata kwa lami. Na zile za tairi nene za inchi 4 zinazopendwa sana na vijana, angalia mara mbili, tairi zenyewe na fremu vinainua kila kitu, unaweza kukuta fremu imeandikwa 17 na bomba liko juu kuliko la 19 ya tairi ya kawaida.

Kingine ni kuondoka. Mota inasukuma mara unapokanyaga pedeli, kwa nyingine nguvu inakuja kwa ghafla kidogo, sasa kama umekaa kwa kujinyoosha mbele kupita kiasi unashika usukani kwa ncha za vidole, huna udhibiti sekunde hiyo.

Richi na staki ni nini? Nimeziona kwenye jedwali nikafunga ukurasa.

Usifunge, hizo ndo namba mbili zenye maana kuliko zote. Chora akilini mstari wima kutoka katikati ya krenki kwenda juu. Richi ni umbali wa kulala kutoka mstari huo mpaka katikati ya tundu la juu la shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Staki ni urefu wa wima kutoka krenki mpaka usawa wa tundu hilo. Kwa ufupi richi inakwambia utajinyoosha kiasi gani, staki inakwambia usukani utakuwa juu kiasi gani. Siti unaweza kuinua na kushusha upendavyo, richi ya fremu hailainiki.

Saizi moja kwenda inayofuata richi mara nyingi inapishana milimita 15 mpaka 25 tu, inaonekana kidogo kwenye karatasi lakini mgongo unajua.

Kama unayo baiskeli, au jirani anayo inayokukaa vizuri, ipime hiyo: isimamishe wima, tairi ya nyuma iguse ukuta, pima ukuta mpaka katikati ya krenki, pima ukuta mpaka katikati ya juu ya shingo, toa ndogo kwenye kubwa, hiyo ndo richi yako. Linganisha na ya kwenye jedwali. Ila linganisha za aina moja, ya milimani ya kisasa richi inakuwa ndefu makusudi na stemu (kile kipande kinachounganisha usukani na shingo) fupi, usiiweke kwenye mizani moja na ya kwenda sokoni.

Hii ya kike (isiyo na bomba la juu) mwanaume akipanda vipi?

Apande. Uholanzi wanaume watu wazima wanapanda za kushuka bila wasiwasi na kwa ya umeme mimi hiyo ndo naishauri kwanza kwa yeyote asiyeenda milimani. Fikiria kariya imejaa mzigo au kiti cha mtoto kiko nyuma, mguu utaurushaje kupita juu yake na baiskeli ina kilo 25? Kwa anayevaa kanzu, dera au baibui ndo kabisa, na hapo angalia pia kama ina kifuniko cha cheni na kinga ya nguo tairi ya nyuma, za Kidachi huwa nazo, za bei rahisi hazina na nguo inaingia kwenye spoku.

Tahadhari moja tu: kwenye ya kushuka urefu wa kusimama hautakuwa tatizo kwa hiyo watu wanaacha kabisa kuangalia saizi. Richi bado ipo. Mtu mfupi kwenye ya kushuka kubwa ataikalia vizuri alafu mabega yatamuuma kila jioni.

"Saizi moja, inafaa 155 mpaka 190." Kweli?

Kwa miguu, inaweza kuwa kweli. Kwa mgongo na mikono sidhani. Wanachofanya ni kuweka sitiposti (lile bomba jembamba linaloingia ndani ya fremu na kubeba siti) ndefu, basi siti inapanda na kushuka, umbali mpaka usukani unabaki karibu ule ule. Za kukunja za tairi 20 zinavumilika kwa sababu usukani wake wengi wameufanya upande na kushuka, na safari zake ni fupi.

Ukiamua kuchukua, muulize muuzaji siti ikishuka mwisho inakuwa sentimita ngapi kutoka krenki na ikipanda mpaka mstari wa mwisho ni ngapi. Ile 0.883 yako lazima iangukie katikati ya hizo mbili. Wafupi wawe makini sana hapa: kwenye baadhi ya baiskeli betri imekaa ndani ya sitiposti au nyuma ya bomba la siti na siti haishuki hadi chini, na ukiwekewa sitiposti yenye springi ndo inaongeza urefu mwingine juu yake. Warefu, usivuke huo mstari uliochorwa kwenye sitiposti hata kwa sentimita moja, fremu inaweza kupasuka. Kununua sitiposti ndefu zaidi inaruhusiwa ila unene wake kwa milimita uwe ule ule kamili, 27.2 italegea kwenye tundu la 30.9 na 31.6 haiingii humo, usilazimishe na nyundo.

Niko katikati ya saizi mbili.

Kwa ya umeme chukua ndogo. Nyepesi kuishika, rahisi kusimama, na kuikuza baiskeli ndogo kwa sitiposti na stemu ni rahisi kuliko kuipunguza kubwa. Isipokuwa mikono yako ulipopima imezidi urefu wako kwa sentimita 5 hivi au zaidi na unaenda safari ndefu, hapo kubwa inaweza kukufaa, mradi bomba la juu lisikuguse ukisimama.

Mimi ni mfupi, 152. Nimepata S ya tairi 28, nichukue?

Ningetafuta ya tairi 26 au hata 24 kwanza. Kwenye fremu ndogo yenye tairi kubwa, ukikata kona taratibu ncha ya kiatu inagusa tairi ya mbele. Kwa baiskeli ya kawaida unashtuka tu, kwa ya umeme unageuza kwenye uchochoro huku mota inasukuma, unaweza kujikuta chini. Omba video ya mtu amegeuza usukani pedeli ikiwa mbele.

Uzito wangu unahusiana na saizi?

Na saizi hapana, na fremu ndiyo. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa na soma kwa makini kama ni uzito wa jumla, maana kampuni nyingi za Ulaya namba yao inajumlisha na baiskeli yenyewe. Ikiandikwa 120 na baiskeli ina kilo 25, zilizobaki ni 95, humo uingie wewe, begi, mtoto na gunia la mkaa.

Tunataka kutumia wawili, mimi 180 mke wangu 160.

Chukua ya kushuka inayomfaa yeye, siyo inayokufaa wewe. Wewe utainua siti na kujikunja kidogo, yeye kwenye ya kwako hafiki chini. Hakikisha siti inafungwa kwa klipu ya mkono bila spana, na stemu iwe ile inayoinama na kuinuka, la sivyo mtagombana kila asubuhi.

Baiskeli yangu ya kawaida inanikaa vizuri sana. Si bora nifunge mota?

Swali zuri na kwa wengi jibu ni ndiyo, saizi inakuwa imeshajijibu. Mota ya katikati kama Bafang BBS02 inaingia kwenye tundu la krenki lenye upana wa milimita 68 mpaka 73, ya katikati ya gurudumu inahitaji nafasi ya ekseli, kawaida milimita 100 mbele au 135 nyuma. Pima kwanza kabla ya kulipa. Na angalia betri itakaa wapi, kwenye fremu ndogo au ya kushuka ile nafasi ya chupa ya maji mara nyingi haitoshi na inabidi ikae kwenye kariya. Breki ziwe nzuri, breki za vyuma vya Phoenix usifungie mota.

Ndugu yangu yuko Ujerumani, huko za saizi yangu zipo nyingi. Aje nayo kwenye ndege?

Baiskeli sawa, betri hapana. Abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi Wh 160 (wati-saa, yaani V mara Ah), na ya baiskeli ya V 36 yenye Ah 13 ni 468 tayari. Isafirishwe kwa meli kama mzigo wa hatari na kampuni inayojua hiyo kazi, au anunue ya mota ambayo betri yake utaipata huku. Na ajue namba zako zote kabla hajaenda dukani, asiipande yeye akasema "inafaa" wakati anakuzidi kichwa.

Imeshafika na siyo saizi yangu. Nifanyeje?

Kwanza usiiendeshe barabarani, maana ikichafuka kurudisha kunakuwa kugumu. Ukiwa nchi za Umoja wa Ulaya au Uingereza na umenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, una siku 14 toka uipokee kumwambia kwamba unarudisha bila kutoa sababu, isipokuwa ya kuagizwa maalum kwa vipimo vyako. Ila nauli ya kurudisha mara nyingi ni juu yako na boksi lenye betri siyo kila kampuni inabeba, kwahiyo soma masharti yao kabla ya kulipa, na boksi usilitupe. Ukiwa umeagiza China mpaka Dar au Mombasa, kurudisha sahau.

Ikiwa kubwa kidogo: shusha siti, isogeze mbele kwenye reli zake, badilisha stemu ya milimita 90 uweke ya 50 au 60, weka usukani unaorudi nyuma. Ikiwa ndogo, kinyume chake. Angalia tu waya za breki na za skrini zinatosha kabla hujabadilisha usukani, kwenye za umeme waya ni nyingi na nyingine zimepimwa pale pale. Magoti yakiuma mbele siti iko chini, mikono ikifa ganzi umejinyoosha sana au siti imeinama mbele, haya yote yanatibika kwa spana. Lakini kama ukisimama bomba linakugusa, hapo hamna cha kurekebisha. Iuze ikiwa mpya, na kwenye tangazo lako andika msamba unaofaa.